Damu imerudi siku ya 11 baada ya kukatwa mlango wa kizazi. Je, ni saratani?

Msomaji ameandika hivi:

"Shikamoo daktari. Nina miaka 36, naishi Morogoro, nina watoto wawili na mume wangu anataka wa tatu. Mwezi uliopita walikuja wahudumu zahanati ya kwetu kupima saratani ya mlango wa kizazi bure. Sikuwa naumwa chochote, nilimsindikiza dada yangu tu. Yeye akaonekana yuko salama, mimi nikaambiwa nina doa, tena kubwa, nikapewa rufaa. Hospitali nikafanyiwa LEEP, yaani nikakatwa kipande cha mlango wa kizazi, wakasema kinyama kinapelekwa maabara. Siku nne za mwanzo ilitoka damu kidogo, ikakata, yakabaki maji. Jana, siku ya 11, damu nyekundu imerudi. Wifi yangu anasema nimesafishwa, yaani nimetoa mimba. Shangazi anataka nijifukize. Mume wangu anauliza ugonjwa huu nimeutoa wapi. Naomba unieleze: nina saratani? Nitazaa tena? Na hii damu ni ya nini?"

Marahaba, dada, na pole. Naanza na damu, hayo mengine yatafuata.

Kama unachokiona ni damu ya kiasi cha hedhi au chini ya hapo, haina harufu mbaya na huna homa, hicho ni kitu tunachokitarajia. Kosa ni letu sisi wahudumu, ambao mara nyingi tunasahau kukitaja mgonjwa anaposhuka kitandani. Daktari alipomaliza kukata aliichoma ile sehemu ili damu isimame, na palipochomwa huota gamba, kama linaloota kwenye goti la mtoto aliyeanguka. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi, gamba hubanduka. Nyama iliyo chini yake bado ni changa, kwa hiyo huvuja siku moja, mbili, pengine tatu, halafu hukata yenyewe. Wewe uko katikati kabisa ya siku hizo. Pumzika, kunywa maji, weka pedi, na uitazame hiyo pedi kwa saa.

Nasema kwa saa kwa sababu hicho ndicho kipimo. Pedi nzito ikilowa yote ndani ya saa moja, na ya pili ikafanya vivyo hivyo, hapo usilaumu gamba tena, nenda hospitali. Nenda pia ukitoa mabonge makubwa ya damu, ukipata homa au kutetemeka kwa baridi, maji ya ukeni yakigeuka usaha au yakinuka vibaya, tumbo la chini likiuma na paracetamol isisaidie, au ukisimama ukaona kizunguzungu. Si lazima iwe hospitali ile ya rufaa. Nenda iliyo karibu, hata kama ni saa nane usiku, na uwaambie: "Nilifanyiwa LEEP tarehe fulani." Wakishajua hivyo watakagua, watapaka dawa ya kukausha damu au watabana kwa gozi. Mara chache hulazimika kushona. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Niliwahi kumpokea mama mmoja alfajiri, amejifunga khanga mbili na zote zimelowa. Alikuwa ametoka damu tangu saa tatu usiku. Nilipomuuliza mbona hakuja mapema, akasema aliogopa tutamgombeza kwamba hakutulia nyumbani. Tulimtibu akapona, lakini ile saa tatu usiku mpaka alfajiri bado inaniuma. Hakuna muuguzi wala daktari mwenye haki ya kukugombeza kwa kutoka damu, na akikugombeza, tibiwa kwanza halafu ukamlalamikie.

Sasa hicho ulichofanyiwa. Kule zahanati mhudumu alipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja. Siki hiyo ina nguvu ya asilimia 3 hadi 5, haipishani sana na ya kachumbari. Seli zilizo sawa hubaki na rangi yake ya waridi, zilizobadilika hugeuka nyeupe. Ndilo doa ulilotajiwa. Lingekuwa dogo na linaonekana lote, wangelimaliza palepale: ama kwa kichwa cha chuma chenye joto la nyuzi 100 au zaidi kidogo, kinachogusishwa kwa sekunde 20 hadi 30, ama kwa gesi ya baridi kali, dakika tatu za kugandisha, tano za kuacha, kisha tatu tena. Wewe uliambiwa ni kubwa. Maana yake huenda kile kichwa cha chuma kisingelifunika lote, au lilikuwa linaelekea ndani ya njia ya kizazi ambako jicho halifiki. Doa kama hilo likiunguzwa kwa juu, seli nyingine hubaki zimejificha. Ndiyo sababu ukapelekwa kukatwa, na waliokupa rufaa walifanya kazi yao sawasawa.

LEEP ni waya mwembamba uliokunjwa kama kitanzi na kupitishiwa umeme. (Kitanzi hiki hakihusiani na kile cha uzazi wa mpango. Wapo wanaoniuliza kitatolewa lini; hakuna chochote kilichobaki ndani yako.) Kinachokatwa ni ile sehemu ya mlango ambapo ngozi ya nje na ngozi ya ndani hukutana, kwa sababu hapo ndipo seli hupenda kuharibika. Kwa kawaida kipande chenyewe kina upana wa sarafu hivi na unene usiofika sentimita moja au unaozidi kidogo. Kazi yote huchukua dakika chache. Kama moyo ulikwenda mbio na miguu ikatetemeka baada ya sindano ya ganzi, haukuwa woga: ganzi hiyo mara nyingi huchanganywa na adrenalini ili kupunguza damu, na adrenalini humtetemesha yeyote. Na kama siku za mwanzo ulitoa chembe nyeusi kama machicha ya kahawa, hayo ni mabaki ya dawa ya kukausha damu tuliyoipaka. Wagonjwa wengi hudhani ni nyama iliyooza.

Kwa hiyo wifi yako amekosea. Anayesafishwa huingiziwa kifaa hadi ndani ya mfuko wa uzazi kutoa kilichomo. Wewe mfuko wako haukuguswa, umeguswa mlango. Najua maneno haya mawili yanavyochanganywa mtaani, na najua yanavyoweza kuvunja nyumba. Kwenye cheti chako cha rufaa sababu imeandikwa. Mwonyeshe mumeo cheti hicho kabla hajaendelea kusikia ya watu wengine, na kama bado ana shaka, njoo naye siku ya majibu. Wanaume wanaoingia chumba cha ushauri na kuonyeshwa mchoro wa kizazi hutoka wakiwa watu wengine, nimeona mara nyingi.

Tuje kwenye neno lenyewe, saratani. Doa linalogeuka jeupe kwa siki mara nyingi si saratani. Ni seli ambazo zimeanza kupoteza mpangilio wake lakini bado zipo juu, hazijachimba kwenda chini. Maabara huzipanga kwa madaraja: CIN 1, CIN 2 na CIN 3. Za daraja la kwanza mara nyingi hurudi kuwa za kawaida zenyewe, na mara nyingi tunaziangalia tu. Za pili na za tatu ndizo tunazoziondoa. Mimi sijaona majibu ya kinyama chako, kwa hiyo siwezi kukuapia kitu. Lakini waliokukata walikukagua kwanza. Mlango wa kizazi ukiwa na sura ya saratani, uvimbe au kidonda kinachovuja ukikigusa, kwa kawaida hatufanyi LEEP. Tunachukua kinyama kidogo na kumpeleka mgonjwa kwa mabingwa wa saratani, kwa upande wetu wengi wakiishia Ocean Road, Dar es Salaam. Kwamba walikufanyia LEEP na kukuruhusu uende nyumbani ni dalili nzuri.

Unasema hukuwa unaumwa chochote. Ndivyo ilivyo. Hatua hii haina maumivu, haina damu, haina harufu, ndiyo maana mwanamke anayengoja kuumwa ndipo apime huwa amechelewa. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari ya kutoka seli zilizoharibika hadi saratani kamili huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Wewe umekamatwa njiani.

Watu huniuliza: tunajuaje kwamba bila kukatwa ingefika huko? Jibu lake ni la huzuni. Huko New Zealand, kwenye hospitali moja ya wanawake ya Auckland, katika miaka ya 1960 na 1970 kuna wanawake waliokuwa na CIN 3 ambao hawakutibiwa ipasavyo, waliachwa wakiangaliwa tu, wala hawakuulizwa kama wanakubali. Serikali ya huko ilikuja kuunda tume ya uchunguzi mwaka 1987. Watafiti walipopitia majalada yote na kutoa hesabu mwaka 2008, walikuta kwamba kati ya wale walioachwa, karibu watatu katika kila kumi walipata saratani ndani ya miaka 30. Kati ya waliotibiwa sawasawa, hakufika hata mmoja katika mia. Sipendi jinsi tulivyoijua hesabu hii, imelipwa na miili ya watu. Lakini kwa kuwa imeshalipwa, ni haki yako kuijua, maana inakuonyesha ni nini hasa ulichokwepa Morogoro ulipomsindikiza dada yako.

Mumeo anauliza umeutoa wapi. Hili nitalijibu polepole.

Chanzo ni kirusi kinachoitwa HPV. Kinapita ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana, na kimeenea kiasi kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani, wanaume kwa wanawake, hata aliyekuwa na mwenzi mmoja tu maisha yake yote. Zipo aina nyingi. Mbili kati yake, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha saratani saba katika kila kumi za mlango wa kizazi. Mara tisa katika kumi mwili hukidhibiti ndani ya miaka miwili na mwenyewe hajui kama alikuwa nacho. Kwa wachache kinabaki, kimetulia, miaka kumi na zaidi, huku kikiharibu seli kidogo kidogo. Kwa hiyo hakuna kipimo, si chako wala cha mumeo, kinachoweza kusema nani alikileta wala lini. Inaweza kuwa kabla hamjajuana. Inaweza kuwa wewe, inaweza kuwa yeye. Ukimwambia mumeo jambo moja tu kutoka kwenye barua hii, mwambie hilo: doa hili halimshtaki mtu. Yeye hahitaji dawa, na hakuna kipimo cha kawaida cha HPV tunachowafanyia wanaume. Nyumba zinavunjika kwa swali ambalo sayansi yenyewe haiwezi kulijibu, na kila mara inapotokea nasikia uchungu, kwa sababu anayelipa ni mwanamke aliyefanya jambo la busara la kwenda kupima.

Anachohitajika kufanya mumeo ni kusubiri. Wiki nne kamili tangu siku ya kukatwa, bila tendo la ndoa, na kama maji yanaendelea kutoka baada ya hapo, mpaka yaishe. Siongezi chumvi. Mlango wako sasa hivi ni kidonda kibichi. Msuguano unaweza kukibandua kikatoka damu nyingi, na vijidudu hupata njia rahisi ya kuingia, pamoja na VVU, ambavyo huambukizwa kwa urahisi zaidi kidonda kikiwa wazi. Ikitokea ameshindwa kuvumilia, na najua si kila mwanamke ana sauti ya mwisho chumbani, basi kondomu, kila mara, na ukirejea baada ya wiki nne endeleeni nayo kwa muda bado. Kondomu haizuii HPV kwa ukamilifu kwa sababu kirusi kinakaa hata kwenye ngozi isiyofunikwa, lakini inapunguza, na kidonda inakilinda.

Siku mtakayorudiana, wengi huwa na hofu kuliko maumivu. Hofu hukausha uke, na uke mkavu huuma, halafu mwanamke anasema "LEEP imeniharibu". Nendeni taratibu. Mlango wa kizazi upo mbali ndani na si hapo raha ya mwanamke inapotoka. Wengi hawaoni tofauti yoyote. Kukiuma mara ya tatu na ya nne, rudi uangaliwe. Usivumilie kimya.

Katika hizo wiki nne usiingize kitu chochote ukeni. Hapa nazungumza na shangazi yako kwa heshima, maana anakutakia mema. Shangazi, mvuke unaweza kumuunguza, na hausafishi kitu, kwa sababu hakuna uchafu wa kusafisha. Maji yanayomtoka, mepesi, ya rangi ya waridi au njano hafifu, ndiyo kidonda kinavyopona, na yanaweza kuendelea wiki tatu hadi nne. Shabu, ugoro, ndimu, kitunguu saumu, na vile vidude vya kuingiza vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la kusafisha kizazi, vyote huunguza nyama changa na kuleta maambukizi. Aoge maji ya kawaida, anawe kwa nje, asiingize kidole. Atumie pedi au kitambaa safi kilichoanikwa juani, pamba za kuingiza ndani hapana. Asiogelee wala kukaa ndani ya beseni. Na kama shangazi anatafuta njia ya kumsaidia, ipo, tena kubwa: achukue ndoo. Ndoo ya lita 20 kichwani, jembe, kinu, mzigo wa sokoni, hivyo viahirishwe kwa wiki mbili hivi, na sasa ambapo damu imerudi, zaidi. Kazi nyepesi za nyumbani fanya, kutembea tembea. Maumivu kama ya hedhi meza paracetamol. Aspirini iache, inarefusha damu. Hedhi ya kwanza inaweza kuja nzito kuliko ulivyozoea. Ya pili kwa kawaida inarudi kwenye hali yake.

Kuzaa. Ndiyo, unaweza kuzaa. Mfuko upo, mirija ipo, mayai yapo. Mara chache sana mlango ukipona husinyaa mno, na dalili yake ni hedhi kugoma kutoka huku tumbo linauma. Likitokea hilo rudi, linatibika. Jambo la kujua ni lingine: mwanamke aliyekatwa kipande cha mlango ana uwezekano uliozidi kidogo wa kujifungua kabla ya siku, na unazidi kadiri kipande kilivyokuwa kirefu, au kama atakatwa tena. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Usibebe mimba sasa; subiri kidonda kipone, majibu yatoke, na mwili upate miezi kadhaa. Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango unaweza kuendelea navyo bila shida. Na siku utakapoanza kliniki ya mimba ya tatu, tamka neno LEEP hudhurio la kwanza kabisa, ili urefu wa mlango uweze kupimwa kwa ultrasaundi na uangaliwe kwa karibu. Wakunga wengi hawatauliza, sema mwenyewe. Wengi sana waliopitia ulipopitia wamezaa watoto waliotimia.

Kuna wanaonijia na ombi la "kutolewa kizazi chote ili nisahau". Naelewa woga unaosema hivyo. Kwa seli za CIN hatuhitaji kufika huko isipokuwa kwa sababu maalumu, na ni upasuaji mkubwa wenye hatari zake. Mtu akikushauri hivyo kabla majibu hayajasomwa, mwambie asubiri.

Na hapo kwenye majibu ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo, kwa sababu kila kitu nilichokwambia hadi sasa kinatunza kidonda tu. Kilichokatwa ni tiba, lakini pia ni kipimo, na kipimo ambacho hakijasomwa ni kazi nusu. Nimeona karatasi za majibu zimekaa kwenye droo miezi, mwenyewe yuko kijijini anajua ameshapona kwa kuwa damu imekata. Nyingine zilikuwa nzuri. Baadhi hazikuwa. Usingoje kupigiwa simu. Namba hubadilika, vitabu hujaa, kinyama hutumwa maabara ya mkoa mwingine. Uliza ni lini yatakuwa tayari, na ikipita tarehe hiyo fuatilia wewe au mtume dada yako, akiwa na kadi yako.

Karatasi yenyewe itakuwa ya Kiingereza, tena cha kitabibu. Usiipokee dirishani na kuondoka nayo. Omba kuingia kwa daktari na umuulize: seli ni za daraja gani, kuna saratani au hakuna, na kingo za kipande zilikuwa safi au zina seli mbovu? Swali hilo la kingo ndilo watu hawalijui. Kipande kikikatwa, mtaalamu wa maabara hutazama pembezoni mwake. Zikiwa safi, maana yake waya ulipita nje ya doa. Zikiwa na seli mbovu, huenda kuna zilizobaki. Hata hivyo usianguke kwa hofu, kwa sababu ule mchomo wa mwisho huua nyingi kati ya hizo, na wanawake wengi wenye kingo chafu huja kupimwa baadaye wakakutwa safi. Kinachobadilika ni jinsi tunavyokufuatilia: kwa karibu zaidi, na pengine kurudia.

Kingo ziwe safi au chafu, kuna miadi ambayo haikwepeki. Baada ya miezi 12 unarudi kupimwa. Ikiwezekana iwe kipimo cha HPV, kinachotazama kirusi chenyewe, na kama hakipo kwenu basi siki, ileile. LEEP huondoa seli mbovu kwa wanawake tisa katika kumi au zaidi. Hatujui nani ni yule wa kumi mpaka apimwe. Kirusi kinaweza pia kuwa bado kipo, kwa kuwa hatuna dawa ya kukiua, tunaondoa seli kilizoziharibu na kuuachia mwili umalizie. Ukivuta sigara acha, inauzuia mwili kufanya kazi hiyo.

Kwa dada zangu wengine mnaosoma ambao mnatumia ARV: hatari yenu ya saratani hii ni kama mara sita ya wengine, na seli hizi hurudi kwa urahisi zaidi hata baada ya LEEP. Kwenu ni miezi 12, na mkikutwa salama, miezi 12 mingine tena, ndipo mrudi kwenye ratiba ya kawaida ya CTC, kliniki yenu ya ARV. Dawa msiruke. Kinga iliyopanda ndiyo inayokishika kirusi. Nawe niliyekujibu, hukutaja kama umepima VVU karibuni. Kama bado, pima mkiwa wawili.

Hujaniambia kama katika watoto wako yupo msichana. Kama yupo na ana miaka kati ya 9 na 14, chanjo yake ipo bure. Ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni sindano moja tu. Wewe usitegemee ikutibu, haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Kwake yeye, akichanjwa kabla hajaanza mambo ya wakubwa, inazuia zile aina mbili nilizozitaja, na akikua bado ataenda kupima kama mama yake.

Chukua kadi yako sasa hivi, geuza nyuma, andika tarehe uliyokatwa. Chini yake andika tarehe ya wiki nne tangu siku ile, mwonyeshe mumeo. Chini yake tena, tarehe waliyosema majibu yatatoka. Ya mwisho, mwezi uleule mwakani. Ukishapata karatasi, niandikie kilichosemwa kuhusu kingo tuone pamoja hatua inayofuata. Na usiku wa leo, ukilala, weka pedi mpya na uangalie saa.